Mume wangu anataka samaki wahamie tanki jipya kabla wageni hawajafika, mi naogopa watakufa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Gungu hapahapa Kigoma mjini. Shida yangu watu wengine wataona ndogo lakini humu ndani imeshaleta maneno kwaiyo naomba uniamulie.

Nina tanki la samaki la lita 40 liko sebuleni pembeni ya TV. Samaki wenyewe ni wale wadogo wa ziwani wanaoishi ndani ya makombe ya konokono waliokufa, aliniletea binamu yangu anayefanya kazi kwa watu wenye leseni ya kukamata samaki wa mapambo. Walikuja wachache tu lakini wamezaana mpaka sasa tanki limejaa. Kuna dume mmoja mwanangu kamwita Diwani, yani huyo ukimfukia kombe lake na mchanga anautoa wote kwa mdomo tonge kwa tonge, alafu ukiingiza kidole anakuja kukiuma, samaki mwenyewe urefu hata kidole changu cha kati hafikii.

Sasa baba watoto kanitengenezea tanki kubwa kwa fundi alminiamu wa huko Mwanga, urefu sentimita 120, upana 40, kimo 50. Nimefurahi jamani, sitaki nionekane sina shukrani. Tatizo kaka yake mkubwa anakuja na familia kutoka Dar Ijumaa ya wiki ijayo na yeye anataka tanki liwe limejaa maji na samaki wako ndani wageni waone. Shemeji yangu mdogo kasema hiyo kazi ya asubuhi moja, anachota maji Kibirizi na madumu, tunamwaga, tunatia samaki, basi, kwani si wamezaliwa humohumo ziwani. Jirani nae anasema nitie chumvi ya Uvinza kopo moja ndo maji yawe mazito kama ya ziwa. Alafu rafiki yake mume wangu kaahidi kuleta vitoto viwili vya samaki kuhe pamoja na wale weusi wenye madoa meupe ili tanki lichangamke.

Mimi nimekataa, nimesema nilisikia tanki jipya linaua samaki hata kama maji ni masafi, lakini nikiulizwa kwanini sina jibu. Mume wangu anasema nawabeba samaki kama watoto wa kuzaa na toka Jumapili hatuongei vizuri. Shangazi je mi mbishi? Na hao waliozidi naweza kuwarudisha ziwani pale Bangwe?

Mama wa Gungu

Marahaba mwanangu,

Wewe sio mbishi, ulichosikia ni kweli na leo nakupa hiyo sababu uliyokosa, umsomee mumeo taratibu mkiwa mmekaa bila mtu wa tatu. Ila na yeye ana haki yake kwenye jambo moja kubwa, lita 40 kwa samaki wanaozaana hivyo zimeshakua ndogo na huyo Diwani wako angeanza kuua wenzake mda si mrefu, kwaiyo mwanaume aliyeliona hilo akaenda kutoa hela kwa fundi bila kuombwa umshukuru kwanza kabla hujafungua mdomo kuhusu mengine.

Sasa sikiliza. Samaki anakojoa na kunya ndani ya maji anayopumua, na kile anachotoa, pamoja na chakula kinachobaki, kinageuka amonia ambayo ni sumu. Kwenye tanki lako la zamani hiyo sumu huioni kwasababu kuna bakteria wameshajijenga humo, kundi moja linaigeuza amonia kuwa naitraiti ambayo nayo ni sumu, kundi lingine linageuza naitraiti kuwa naitreti ambayo samaki anaivumilia mpaka siku utakayopunguza maji na kuweka mengine. Hawa bakteria hawaelei ndani ya maji, wengi wamekaa kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga, kwenye mawe na kwenye makombe yenyewe. Tanki jipya halina hata mmoja. Kujijenga kwao kuanzia sifuri kunachukua wiki 4 mpaka 6, wakati mwingine zaidi, na ndani ya huo mda maji yanaweza kuwa meupe yanang'aa kabisa huku samaki wanaungua mashavu kwa ndani. Ndo maana hata shemeji yako akichota maji ya ziwa lilelile walilozaliwa haisaidii, ziwani yale makojo yanapotelea kwenye maji yasiyo na mwisho, kwenye kioo yanabaki palepale.

Na hapa Kigoma hili jambo ni baya kuliko kwa mtu wa Dar anayefuga samaki wa maji ya kawaida. Maji ya Tanganyika yana pH ya juu, yani kile kipimo cha asidi ya maji ambacho 7 ndo katikati, inacheza 8.6 mpaka 9 hivi, na amonia jinsi pH inavyopanda ndo inavyozidi kuwa kali. Kwenye maji ya pH 7 sehemu ya amonia iliyo sumu kweli haifiki hata asilimia 1, lakini kwenye pH 9 na joto la nyuzi 25 inapita asilimia 30. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa mwenzio Dar anakivumilia siku kadhaa, wako kinamuua usiku mmoja. Hiki ndo kipande cha kumsomea mumeo mara mbili.

Habari njema ni kwamba hauanzi sifuri, una tanki lenye uhai tayari. Kama hiyo filta mpya mmeshainunua chukua sponji yake uiweke leo ndani ya tanki la zamani, karibu na filta inayofanya kazi, ikae humo wiki 3 au 4 ipandiwe na bakteria. Siku ya kuhama vinahama vyote kwa pamoja, sponji zote mbili, mchanga wa zamani, mawe, makombe na samaki wenyewe. Usipeleke sponji peke yake ikae kwenye tanki tupu eti inaandaa maji, bakteria wasipopata amonia wanakufa njaa, na huku nyuma samaki utakua umewaacha bila ulinzi. Na hiyo sponji ikichafuka usiioshe kwa maji ya bomba hata siku moja, ikamue ndani ya ndoo yenye maji uliyotoa kwenye tanki lenyewe, dawa ya bomba inawaua bakteria wote alafu unarudi mwanzo.

Hizo wiki mumeo asikae bure, ana kazi, na kazi yenyewe ni ya kuokoa sebule yenu. Aende kwa huyo fundi aulize vitu viwili. Cha kwanza silikoni aliyotumia ni ipi, aombe aone hata kopo lake tupu. Mafundi wetu wa alminiamu wamezoea silikoni za madirisha na za bafuni, na nyingi za bafuni zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu ambayo ndani ya maji inaua samaki taratibu hujui hata kilichowapata. Ile safi isiyo na dawa ikikauka inanuka kama siki, hiyo harufu sio shida, iache tu tanki likae wazi kama wiki nzima mpaka harufu iishe kabisa ndo mtie maji. Kama kopo limeandikwa lina dawa ya ukungu basi fundi aikwangue yote agundishe upya, hapo msione haya, hela mmetoa. Cha pili unene wa kioo. Kwa kimo cha sentimita 50 na urefu wa mita 1 na ushee mi nataka kioo cha milimita 10 na vipande vya kioo vya kukaza juu, sio kioo cha dirisha cha milimita 5. Kioo chembamba maji yakijaa kinatuna katikati kama tumbo, unaweza kukiona kwa macho ukichungulia kwa ubavu, na siku kikiachia mtaamka mnaogelea.

Alafu uzito. 120 mara 40 mara 50 ni lita 240, kila lita ni kilo 1, ongeza kioo na mchanga na mawe, hapo umeshapita kilo 300. Ile meza ya TV ya mbao za kubandika sahau kabisa. Nyie mko Kigoma, mninga mnao mlangoni, atafute seremala amtengenezee meza ya miguu minene yenye mbao za kukingama chini, ikae kwenye sakafu iliyolala sawa apime na pima maji, na kati ya meza na tanki atandike shiti ya stairofomu ili hata punje ya mchanga isipasue kioo. Isikae jua la dirishani linapopiga, ukuta wa ndani ndo mzuri. Kabla ya hapo tanki lijazwe maji nje uani, juu ya kitu laini pia, likae siku kadhaa na magazeti makavu yametandikwa pembeni yake, kona ikivuja hata tone gazeti litasema. Na baada ya hapo mlimwage mlisuuze, maji matupu, sabuni isiguse.

Tuje kwenye maji. Maji ya bomba hapo mjini yenyewe yanavutwa ziwani kwaiyo uzito, yani madini yaliyomo, na pH ni ileile samaki waliyoizoea, shida ni ile dawa ya klorini tu. Yatie kwenye mapipa ya plastiki yasiyowahi kuwekwa mafuta wala sabuni, acha wazi siku 1 au 2 na ukiwa na pampu ya hewa iweke itoe mapovu humo, klorini inatoka. Ya Kibirizi mwambie shemeji yako aache, tena mwambie kwa upole maana nia yake ni nzuri. Pale kuna mafuta ya boti, watu wanafua, dagaa wanaoshwa, na kwenye kingo zenye majani na konokono hai kuna kichocho. Wewe unaingiza mikono kwenye tanki kila wiki na watoto nao wanaingiza vidole kuchezea Diwani. Kama ni lazima maji ya ziwa basi yachotwe mbali na watu kwenye upande wa mawe, na yakae ndani siku 2 kamili kabla mtu hajayagusa kwasababu vile vijidudu vya kichocho visipopata mtu wa kumuingia ndani ya siku 2 vinakufa. Maji ya mvua ya bati usitumie kabisa, hayana madini, pH inaporomoka.

Chumvi ya Uvinza ipikie mgebuka. Uzito wa maji ya Tanganyika hautokani na chumvi ya kula, unatokana na magnesiamu na kaboneti na wenzao, na vyote hivyo vimo tayari kwenye hayo maji yako. Jirani kaona neno maji mazito akafikiria chumvi, wala usimnunie.

Siku yenyewe ya kuhama chagueni siku tulivu, asubuhi, umeme ukiwepo, samaki wasile toka jana yake. Maji karibu yote safi ya tanki la zamani weka kwenye ndoo, hayo utayamwaga kwenye tanki jipya pamoja na yale ya mapipa. Panga mchanga kwanza, hao samaki wanachimba kwaiyo kina cha sentimita 5 hivi, mchanga laini, na mawe makubwa yakae juu ya kioo cha chini kabisa sio juu ya mchanga maana Diwani akichimbua chini yake jiwe linaporomoka na kupiga kioo. Wenyewe usiwafukuze na wavu, watakimbilia kwenye makombe, we mwache kila mmoja aingie kwake alafu unainua kombe ukiwa umeliziba kwa kidole gumba, unalipitisha kwenye bakuli la maji bila kulitoa hewani. Hata ukisikia anakusukuma kidole usikitoe.

Maji ya tanki jipya hata kama ni ya ziwa moja bado hayako sawa na ya zamani kwasababu tanki lililokaa mda pH yake inakua imeshuka kidogo, sasa ukiwahamisha ghafla wanapata mshtuko, na ile amonia iliyokuwa imelala kwenye pH ya chini inaamka kuwa sumu. Waweke kwenye ndoo na maji yao ya zamani, ndoo iwe ndani ya chumba hichohicho joto lilingane, alafu nenda duka la dawa nunua mpira wa dripu mpya, uvute maji ya tanki jipya tone kwa tone yaingie kwenye ndoo kwa saa 1 hivi mpaka maji yaongezeke mara 2 au 3. Mpira wa dripu una ile gurudumu ya kupunguza kasi, hakuna kifaa kizuri kama hicho kwa hii kazi na bei yake ya soda. Ukimaliza unaingiza samaki tu, maji ya ndoo mwaga nje. Taa iwe imezimwa siku nzima, chakula mpaka kesho yake, tena kidogo.

Watapigana, nakwambia mapema usije kushtuka. Nyumba mpya haina mipaka, kila dume anataka kona. Weka makombe mengi kuzidi idadi ya samaki, hata mara 2, uyatenganishe kwa vilima vya mchanga na mawe ili wasionane ovyo, na waingie wote siku moja asitangulie Diwani, akitangulia atajiona tanki zima lake. Makombe utayaokota ufukweni ila uyanuse, likinuka nyama ya konokono bado imo, yachemshe uyasugue.

Wiki 2 za mwanzo badilisha maji kidogo kila siku mbili tatu, kama robo. Kipimo cha amonia kikipatikana kiagize Dar, sio bei ya kutisha na kinakuonyesha kabla samaki hajaumia. Kikikosekana macho yako ndo kipimo, ukiona wanapanda juu wanahema mdomo nje, au mashavu mekundu, au wamebana mapezi wamelala pembeni, badilisha nusu ya maji saa hiyohiyo usisubiri mtu arudi kazini. Na nunua pampu ya hewa ya kuchaji, umeme ukikatika masaa mengi bakteria kwenye filta nao wanakosa hewa wanakufa, kwaiyo sio samaki tu.

Kuhe hapana. Naomba hapa usimame imara hata kama rafiki yake mumeo atakuja navyo mlangoni. Kuhe ni kati ya samaki wakubwa kabisa wa jamii yake duniani, anapita nusu mita, na chakula chake ni samaki wenzake, hivyo vitoto viwili ndani ya miezi vitakua vimemaliza ukoo mzima wa Diwani. Wale weusi wenye madoa meupe nawapenda sana mimi, wakikua madoa yanapotea kichwa kinakua cha bluu na wanavaa mkanda mweupe au wa njano kiunoni, lakini hao ni wala ukoga wa mawe, wanataka kundi kubwa na tanki lao, ukiwalisha chakula chenye nyama nyingi matumbo yanavimba wanakufa. Sio sasa.

Ijumaa ya wageni sasa. Silikoni ikiwa imekauka na halivuji, jazeni tanki kubwa, mchanga, mawe, taa iwake, na lile dogo liwe pembeni yake na wenyewe ndani. Mumeo awaeleze wageni mwenyewe kwanini samaki bado wapo upande huu, ataongea na ile habari ya pH 9 mbele ya kaka yake, we tulia jikoni umuache aongee. Watoto wa shemeji wakitaka kuumwa na Diwani wanawe mikono kwa maji tu, isiwe na mafuta wala losheni.

Hao waliozidi usiwarudishe Bangwe. Samaki akishakaa kwenye kioo anaweza kuwa na ugonjwa ambao kule haupo, na hawa wa ziwani wanatofautiana pwani kwa pwani, wa mawe ya huku sio sawa na wa mawe ya kule hata rangi, ukimwachia sehemu sio yake unachanganya damu ambayo haitengeki tena. Mpe binamu yako awatafutie mtu mwenye tanki, na muulize aliwatoa pwani ipi, uandike kwenye karatasi ubandike nyuma ya kioo, kila utakayempa samaki mpe na hilo jina la pwani.

Shangazi yako